Maswali ya Wasomaji: Kinoo cha Asili kwa Wembe wa Kukunja

Katika toleo lililopita tulieleza namna ya kutunza wembe wa kukunja, yaani ule wembe wa zamani wa kinyozi ambao bapa lake hukunjwa ndani ya mpini. Barua nyingi zilizotufikia tangu hapo zinauliza habari za kinoo cha asili. Tumechagua chache, na zile zilizouliza jambo lile lile tumeziunganisha.

*Ndugu Mhariri, nimerithi kwa babu yangu wembe uliotengenezwa Solingen, Ujerumani, nami ningependa kuunoa kwa jiwe la asili. Muuzaji mmoja mtandaoni anasema jiwe lake ni la namba 12000, mwingine anasema la kwake ni la namba 8000. Je, nichukue lenye namba kubwa zaidi? Msomaji, Mombasa.*

Namba hizo ziweke kando kwanza. Asili yake ni mawe ya kiwandani, ambako chembe za kusagia huchekechwa mpaka zikakaribia kulingana, kisha hugandishwa pamoja. Mtengenezaji anajua ukubwa wa chembe alizotia, kwa hiyo anaweza kuandika 1000 au 8000 ubavuni mwa jiwe bila kumdanganya mtu; namba ikiwa kubwa, chembe ni ndogo. Jiwe lililochimbwa ardhini halikuchekechwa na yeyote. Namba anayoitaja muuzaji wa jiwe la namna hiyo ni makisio yake tu, yaani makali aliyoyapata yeye, kwa mkono wake na kwa wembe wake, yalimkumbusha yale yatokayo kwenye jiwe fulani la kiwandani.

Tazama jiwe la njano la Ubelgiji liitwalo kotikule, ambalo limenoa nyembe za Ulaya kwa vizazi vingi. Kinachosaga chuma ndani yake ni chembe za ganeti za aina ya spesatini, madini yale yale ambayo huko Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, huchimbwa yakiwa makubwa na mang'avu na kuuzwa kama vito vya rangi ya chungwa. Ndani ya kotikule chembe hizo zina upana wa maikroni 5 hadi 20 hivi (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Kwa kipimo cha kiwandani ungelitupa jiwe hilo, kwa sababu hata kinoo cha namba 1000, ambacho ni cha kazi ya mwanzo tu, kina chembe za takriban maikroni 15. Lakini ganeti ina nyuso nyingi zinazoikaribisha kwenye umbo la mviringo, haina ncha zinazochimba, tena imezama katika madini laini yanayoiacha ichungulie kidogo tu juu ya uso wa jiwe. Mkwaruzo wake huwa mpana lakini si wa kina, na wembe unaotoka hapo unanyoa ndevu bila kuuchoma uso.

Kuna jambo ambalo barua yako haikuuliza, nalo kwangu ni zito kuliko namba. Wembe uliokaa kabatini tangu enzi za babu huenda una mapengo kwenye makali, una kutu pembezoni, au makali yake yamelika upande mmoja, na hakuna jiwe la asili la kumalizia litakaloponya kasoro hizo kwa muda ambao binadamu wa kawaida anaweza kuuvumilia. Wembe wa kukunja hulazwa juu ya kinoo mgongo na makali vikigusa jiwe kwa pamoja, na unene wa mgongo ndio unaoamua pembe. Kwa hiyo huna haja ya kukisia pembe kama unavyofanya kwa kisu. Kazi ya kwanza ni kuzifanya nyuso mbili zikutane sawasawa kutoka kisigino, yaani mwisho wa makali ulio karibu na mpini, hadi ncha, na kazi hiyo hufanywa kwa kinoo cha kiwandani cha namba 1000. Baadaye hufuata jiwe la kati, la namba 4000 hadi 8000, na la asili huja mwisho. Ili kujua kama hatua ya kwanza imekamilika, elekeza makali juu, yatazame moja kwa moja chini ya taa kwa lenzi ya kukuzia: makali yaliyokutana hayarudishi mwanga hata kidogo, na kila panapometa uzi mweupe ndipo bado. Kama fedha uliyo nayo inatosha jiwe moja tu mwezi huu, nunua hilo la namba 1000.

*Ndugu Mhariri, mimi ni mwenyeji wa Lubumbashi ninayeishi Liège, Ubelgiji. Nimeambiwa kwamba machimbo ya kotikule hayako mbali nasi. Nikienda kununua nitazame nini? Mawe yenyewe ni ya bei kubwa, na sitaki kurudi nyumbani na pambo la mezani.*

Uko karibu kweli. Mawe hayo hutoka katika milima ya Ardennes, maeneo ya Vielsalm, Salmchâteau na Lierneux, upande wa kusini wa hapo ulipo, na Salmchâteau kuna jumba la makumbusho la kotikule ambalo nakushauri ulipitie kabla hujatoa pesa mfukoni, kwa kuwa ukiuona mwamba wenyewe utaelewa kwa nini bei iko juu. Tabaka la njano ni jembamba, mara nyingi sentimita chache tu, nalo limebanwa katikati ya mwamba mpana wa rangi ya zambarau iliyoingia bluu. Wachimbaji wa zamani walilifuata chini ya ardhi kwa mikono. Kazi hiyo ilififia baada ya nyembe za kutupa kuenea, ikafufuliwa Lierneux mwishoni mwa miaka ya 1990.

Kwa kuwa tabaka la njano ni jembamba na jiwe lake huvunjika kwa urahisi, karibu kila kotikule inayouzwa ina mgongo wa jiwe jingine. Wakati mwingine mgongo huo ni sleti iliyobandikwa kwa gundi, na wakati mwingine ni ule mwamba wa bluu uliozaliwa nao, mawe mawili yakiwa yameshikana tangu yalipoumbwa. Wauzaji hutoza zaidi kwa yale yaliyoshikana yenyewe. Mimi sioni sababu ya kulipia tofauti hiyo kama haja yako ni kunyoa, maana wembe haujui kilicho chini. Faida moja ipo: upande wa bluu nao ni kinoo, una ganeti chache kuliko wa njano na husaga polepole zaidi, kwa hiyo unapata mawe mawili katika kipande kimoja.

Ukilishika jiwe mkononi, lilowanishe lote kisha lifute kwa kitambaa na ungoje kidogo. Uso utakauka, lakini penye ufa maji yatakuwa yameingia ndani, na ufa utabaki kama mstari mweusi wa unyevu wakati sehemu nyingine zimeshapauka. Mistari ya rangi iliyomo ndani ya jiwe ni habari nyingine. Iko ya hudhurungi, myeusi na ya waridi, na mingi haina madhara yoyote. Pitisha ukucha juu yake polepole, na usipojikwaa usihangaike nayo. Ukijikwaa, liache jiwe hilo hata kama ni zuri kwa macho, kwa sababu chembe moja ngumu iliyochomoza inatosha kuuvunja ukingo wa wembe ambao unene wake haufiki maikroni moja.

Kisha omba kijiwe cha kusugulia, ambacho kwa kawaida ni kipande kidogo cha kotikule hiyo hiyo. Tia maji kidogo, sugua mpaka upate tope jepesi la rangi ya maziwa, halafu pitisha juu yake chuma chochote utakachoruhusiwa, hata mgongo wa kisu cha mfukoni. Angalia rangi. Katika jiwe lenye kasi, maziwa yale hugeuka kijivu baada ya mipitisho michache, kwa kuwa chuma kimeanza kusagika na kuchanganyika na tope. Katika jiwe la polepole utapitisha mara nyingi na tope litabaki jeupe. Kwa mtu atakayekuwa na kotikule moja tu, ningechagua lenye kasi ya wastani kuelekea juu. La polepole sana humfaa aliye na mawe mengine ya kumfikisha karibu na mwisho.

Muuzaji huenda akakutajia majina ya matabaka, kama La Veinette, La Grosse Blanche au Les Latneuses, na kukueleza sifa za kila moja. Majina hayo ni ya kweli na yalitumiwa na wachimbaji wenyewe. Hata hivyo, mawe mawili ya tabaka moja yanaweza kutofautiana kwa kasi na kwa ugumu kuliko mawe ya matabaka mawili, na ndiyo maana nimekutaka ujaribu kwa maji na chuma hapo hapo badala ya kununua jina. Kuhusu ukubwa, jiwe la milimita 150 kwa 50 linatosha kabisa kwa wembe. Kama mfuko umebana, uliza vipande visivyo na umbo la mstatili, vile vinavyobaki baada ya kukatwa kwa mawe makubwa: kipande chenye uso bapa wa upana wa vidole vitatu kitakunolea wembe vizuri, na bei yake huwa afadhali.

Ukishalinunua, uzuri wa kotikule ni kwamba unaweza kuiongoza kwa maji peke yake. Unaanza na tope zito kama maziwa na kupitisha wembe mpaka utakapokata vinyweleo vya mkono. Hapo tope lenyewe linaanza kukuzuia, maana kila makali yanapolipasua, chembe zilizolegea huyagonga uso kwa uso na kuyafanya butu kwa kiasi kidogo. Basi dondosha tone moja la maji, pitisha wembe mara kadhaa, dondosha jingine, pitisha tena, mpaka tope liishe na jiwe libaki na maji matupu. Umalizie hapo kwa mkono mwepesi kiasi cha uzito wa wembe wenyewe. Wengi huharibu kazi kwa haraka katika hatua hii ya matone, wakiruka kutoka maziwa hadi maji safi kwa mara moja.

*Je, ni kweli kwamba mawe ya Escher ni bora kuliko yote? Nimeona moja likiuzwa lenye karatasi yake ya zamani, na bei yake ni mara kadhaa ya kotikule mpya. Msomaji, Unguja.*

Escher lilikuwa jina la wafanyabiashara wa Sonneberg, katika jimbo la Thuringia nchini Ujerumani, waliouza sleti laini mno iliyochimbwa maeneo hayo. Ziko za bluu iliyokolea, za kijani kibichi, na za kijani kinachoelekea njano, na hizo za mwisho ndizo wakusanyaji wanazozigombea. Ni mawe mazuri sana ya kumalizia: tope lake ni jepesi, husaga kwa upole na kwa usawa, na yeyote mwenye mkono wa wastani anaweza kupata makali mazuri juu yake, jambo ambalo siwezi kulisema juu ya kila jiwe la asili.

Bei, hata hivyo, ni bei ya karatasi. Machimbo hayo yamefungwa kitambo, kwa hiyo kila jiwe lililopo sokoni limetoka katika duka au nyumba ya mtu wa zamani, na karatasi iliyobandikwa juu yake ndiyo uthibitisho pekee wa jina. Sleti ya Thuringia isiyo na karatasi huuzwa kwa bei ya chini zaidi na huenda imetoka katika mwamba ule ule. Tatizo ni kuitambua, kwa sababu sleti za kijivu na kijani zimo duniani kote na muuzaji yeyote anaweza kuipa sleti yake jina analopenda. Kama huwezi kulishika jiwe na kulijaribu kwa mkono wako, wala hakuna haki ya kulirudisha, kotikule mpya itakupa raha zaidi.

*Nimesikia mafundi wa Japani wana mawe yao ya nyembe. Je, yanaweza kumfaa anayeanza? Msomaji, Arusha.*

Yanaweza, lakini sikushauri. Mawe ya kumalizia ya Japani yanayosifiwa zaidi yalichimbwa katika milima iliyo karibu na Kyoto, machimbo ya Nakayama yakiwa yenye jina kubwa kuliko yote, na mengi ya machimbo hayo leo hayafanyi kazi. Kwa nyembe hutakiwa jiwe gumu, na kadiri jiwe linavyokuwa gumu ndivyo linavyodai mkono uliotulia na uso wa jiwe uliosawazishwa kikamilifu. Tena halitumiwi peke yake. Fundi hulisugua kwa kijiwe kiitwacho nagura ili kupata tope, na ziko nagura za daraja mbalimbali zinazofuatana kutoka inayosaga kwa kasi hadi inayolainisha. Anayeanza atakuwa na vitu vingi vya kulaumu wembe usiponyoa, na hatajua aanze na kipi. Kama tayari unalo, mbavu zake zipake vanishi au laka kabla ya kulitumia, maana ni mwamba wa matabaka, na maji yakipenya ubavuni huweza kuyatenganisha.

*Jiwe la Arkansas linatumiwa na mafuta au maji? Na mbona langu halisagi kitu? Msomaji, Nairobi.*

Lolote kati ya mawili, ila chagua moja, kwa sababu jiwe lililokwisha kunywa mafuta halipokei maji vizuri. Wengi hutumia mafuta mepesi ya madini. Maji yenye sabuni kidogo nayo hufanya kazi. Usitumie mafuta ya kula, kwani hugandamana juu ya jiwe na kuziba uso wake.

Kwamba halisagi, huenda ndiyo tabia yake. Jiwe hilo, ambalo wanajiolojia huliita novakulaiti, hutoka maeneo ya Hot Springs katika jimbo la Arkansas, Marekani, na karibu lote ni kwatzi ya chembe ndogo mno zilizoshikamana. Madaraja yake hupangwa hasa kwa jinsi mwamba ulivyoshikamana na uzito wake kwa ujazo, kuanzia laini, gumu, hadi jeusi na lile linalopitisha mwanga ukiliinua mbele ya taa. Hayo mawili ya mwisho ndiyo ya wembe. Hayatoi tope, chembe zake hazing'oki kupisha mpya, kwa hiyo uso hulainika kadiri unavyotumika na hatimaye hufanya kazi ya kung'arisha zaidi kuliko kusaga. Kwa kumalizia wembe, huko kulainika ni sifa, mradi uwe umefika hapo makali yakiwa karibu kukamilika. Ukiona wembe haukuwa tayari, rudi kwenye jiwe la kati. Kuongeza nguvu ya mkono juu ya Arkansas kutaupinda ukingo tu.

*Kwetu kuna mawe ya mtoni tunayonolea mapanga na majembe. Je, siwezi kuyatumia kwa wembe badala ya kuagiza jiwe Ulaya? Msomaji, Iringa.*

Jiwe la kunolea panga kwa kawaida ni la mchanga ulioshikana, na punje zake unaweza kuzihesabu kwa macho. Panga linapenda meno hayo. Wembe utararuliwa nayo. Wazo lako, hata hivyo, si la kuchekwa, kwa sababu kotikule, Thuringia na sleti za Wales zilianza kama mawe ya mtu wa jirani kabla hayajawa bidhaa. Tafuta mwamba wa chembe laini usioonyesha punje hata chini ya lenzi, usiochujuka ukiloweshwa, na ambao msumari wa chuma unauchora kwa shida. Lisawazishe, kisha unoe juu yake wembe wa bei rahisi ambao tayari unanyoa vizuri. Kama baada ya mipitisho 30 hivi wembe unanyoa vile vile au vizuri zaidi, umepata kitu. Ukianza kukwama kwenye ndevu, jiwe hilo libaki na mapanga.

*Jiwe langu limeanza kuwa na bonde katikati. Nilisawazishe kwa nini? Msomaji, Dodoma.*

Chora mistari ya penseli ya kukatana juu ya uso mzima, weka msasa wa maji wa namba 400 juu ya kioo kinene au kigae kilichonyooka, mwagia maji, na usugue jiwe hapo kwa kuligeuza mara kwa mara mpaka penseli yote ifutike, hasa ile ya katikati. Pembe na kingo zilainishe kidogo zisiudhuru wembe. Kwa Arkansas msasa utakwisha kabla ya jiwe, hivyo tumia bamba la almasi au unga wa silikoni kabaidi. Na kwa jiwe lolote lile, usisugue likiwa kavu: vumbi la mawe haya lina silika, nayo ikivutwa mapafuni haitoki, kwa hiyo mwaga maji kwa wingi na ufute tope kwa kitambaa kibichi kabla halijakauka mezani.